Jeneza Lililotoka Mlangoni kwa Mama Adham

Jumba la sinema hatuna katika kambi yetu ya wakimbizi, lakini watu wa kamera tumewaona mpaka tumewachoka. Alikuja mmoja akataka watoto warushe mawe, siku ambayo watoto wenyewe walikuwa na mtihani. Akaja mwingine akachoma tairi mara tatu kwa sababu moshi haukumpendeza, kina mama wakalazimika kufua upya nguo zote zilizokuwa kwenye kamba. Yupo aliyetaka bibi kizee mwenye ufunguo wa nyumba waliyofukuzwa mwaka wa arobaini na nane. Bibi aliyepatikana alikuwa ameshaupoteza wa kwao zamani, basi akaazimwa ufunguo wa banda la kuku, akaubusu mbele ya kamera na machozi yakamtoka kweli. Filamu ile ilipata tuzo huko ughaibuni, na mwenye kuku mpaka leo anadai ana fungu lake.

Kwa hiyo Lamis alipopanda mlima kutoka Nablus na kamera zake, hakuna aliyemkimbilia. Alikuwa binti wa Haifa, nywele fupi, koti la kiume, mtu wetu kwa lugha na kwa damu, lakini bado ni mtu wa kamera. Alisema anatengeneza filamu juu ya mashahidi wasiorudishwa, wale waliouawa na miili yao ikazuiwa kwenye majokofu ya jeshi. Alikuwa anatafuta mama wa kumfundisha mwigizaji wake namna mama anavyosimama siku mwanawe anaporudishwa azikwe. Kila aliyeulizwa alielekeza kidevu kwenye mlango mmoja.

Mlango huo ni wa Itidal, ambaye sisi tunamwita Mama Adham. Miaka miwili nyuma askari waliingia kambini alfajiri, na mwanawe Adham, kijana wa miaka ishirini, akatoka ngazini kuangalia kuna nini. Wakampiga risasi pale pale kwenye ngazi. Mama yake alipofika nje walikuwa wameshamburuta mpaka kwenye gari lao, na gari lilikuwa linageuka. Tangu siku hiyo Adham yuko kwenye jokofu mahali fulani, ana namba badala ya jina, na haijawahi kutolewa sababu ya kuishikilia maiti yake inayoingia akilini mwa mzazi.

Baba yake, Nimr, fundi wa kupaka rangi magari, aliapa mbele ya watu. Hakuna matanga, hakuna kupokea rambirambi, hakuna kahawa chungu ya msiba kuingia nyumbani kwake mpaka mwanawe awe mikononi mwake. Aliyekuja na birika alirudishwa na birika lake. "Kumlilia sasa ni kuwaambia wakae naye," alisema. Na kila Jumanne alifunga karakana, akashuka mjini, akasimama kwenye uwanja wa katikati pamoja na wazazi wenzake, kila mmoja ameshika picha ya mtoto wake, mpaka jua linapoinama.

Nimr alikuwa na haki, na hakuna kambini aliyesema vinginevyo. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi ni wawili. Itidal alikuwa na haja moja ambayo hakuna aliyemuuliza. Alitaka kumuaga mwanawe. Hakutaka haki, wala gazeti, wala uwanja. Alitaka kumtazama usoni, kumpigia vigelegele, na kumwona anatoka mlangoni juu ya mabega ya vijana wenzake, kama mwana wa watu. Vigelegele vile vilikuwa vimemkwama kooni miaka miwili kama mwiba wa samaki.

Lamis aliketi jikoni kwake, akamsomea alivyoandika. Jeneza linaletwa nyumbani ili mama amwone mwanawe mara ya mwisho. Mama anapiga ukelele, anajichania nguo, anaanguka juu ya maiti.

Itidal aliacha kukata biringani akacheka.

"Nani kakuandikia haya?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"We binti, umeona wapi mama wa hapa anajichania nguo?"

"Kwenye filamu nyingi tu," Lamis akasema, kisha akaona haya.

"Basi hao mama wa filamu wana nguo nyingi. Hapa ukianguka mbele za watu wanakuinua kwa makwapa. Wanakwambia simama, usiwape askari raha. Kijana hajaoa, siku ile ndiyo arusi yake. Unapiga vigelegele. Unamrushia mchele na pipi. Kuanguka utaanguka, usijali, lakini baadaye. Wiki ya pili, unaosha sufuria, unakuta kijiko chake."

Lamis akafunga makaratasi yake.

"Sasa nani ataweza kunifanyia hivyo?" aliuliza, na wala hakuwa anamuuliza mtu.

"Mimi," Itidal akasema. Neno lilimtoka kabla hajalipima, na lilipotoka alihisi kifua kimekuwa chepesi kidogo. Akaongeza haraka, asije akajutia: "Lakini jeneza litoke mlango huu. Na iwe Jumanne."

Hapo pana jambo la kueleza. Lamis alikuwa ameshaafikiana na kamati ya kambi, na imamu wa msikiti, kwamba maziko ya sinema yatafanyika kwenye nyumba tupu kule chini karibu na shule. Watu wote walikuwa wamejulishwa: mkiona jeneza kule shuleni, ni filamu, msishtuke. Kuhamisha jambo lile mpaka mlango wa Itidal kulihitaji kuwajulisha watu upya. Lamis alimtuma msaidizi wake, msaidizi akaiambia kamati, kamati ikasema itapeleka habari msikitini, na kila mmoja akalala akidhani mwenzake kapeleka. Kwa nini Jumanne, Lamis hakuuliza, ingawa hakuwa mjinga.

Jirani mmoja tu ndiye aliyeambiwa siri yote, naye ni Hiyam wa ukuta wa pili, mwanamke mwenye mdomo.

"Haya, nyota wa sinema!" Hiyam alimwita juu ya ukuta. "Kesho hata salamu zetu hutapokea. Utanunua miwani myeusi."

"Nyamaza, watu watasikia."

"Na Baba Adham je?"

"Atarudi jioni, atakuta nimepika."

Hiyam akaacha kucheka. "Dada, njia ya mwongo fupi."

"Si uongo, Hiyam. Ni kazi. Watu wanafanya kazi."

"Kazi," Hiyam akasema, akashuka kwenye kiti alichopandia.

Jumanne ikafika. Nimr alikunywa chai, akachukua picha ya Adham iliyotiwa kwenye plastiki kwa ajili ya mvua, akashuka mjini. Itidal alimtazama mpaka alipokata kona. Mara watu wa Lamis wakaingia na nyaya zao, wakasogeza makochi, wakaziba dirisha moja na kufungua jingine. Mtu wa sauti akapita na kapu la mkate akikusanya simu za kila mtu, maana hakutaka mlio wowote. Simu ya Itidal ikaingia kapuni pamoja na nyingine, imezimwa sauti.

Kijana wa kulala jenezani alitoka Tulkarem, jina lake Kais, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Alikuwa na aibu, mikono haijui ikae wapi. Itidal hakuweza kumwona mtoto wa watu na njaa. Akampakulia wali wa biringani na nyama, akamsimamia mpaka akamaliza. Kisha msichana wa vipodozi akampaka rangi ya kijivu midomoni na chini ya macho. Wakamvisha sanda, wakamfunika bendera mpaka kifuani, wakamzungushia kichwani kufiya, kile kitambaa chetu cha mirabaraba, ikabaki nafasi ya uso tu, kuanzia nyusi mpaka kidevu, kama mashahidi wote wanavyofungwa.

Hakufanana na Adham. Pua ilikuwa ya watu wengine kabisa. Itidal alisimama juu yake akahisi amefanya upuuzi, karibu awaambie wakusanye nyaya zao waende.

"Mama, ukiwa tayari," Lamis alisema kwa sauti ya chini.

"Fumba macho, mwanangu," Itidal akamwambia Kais.

Kais akafumba. Na macho yalipofumbwa jambo likawa jepesi, kwa sababu uso uliolala, ukiwa na rangi ile ya kijivu, ni uso wa mtoto wa mtu yeyote. Itidal akapiga goti. Kwenye karatasi ya Lamis hapakuwa na maneno ya mahali hapa, paliandikwa tu kwamba mama anamtazama.

"Umechelewa," alimwambia. "Nilikuwekea chakula. Lile koti lako nililokukataza usilivae kwa kuwa lilikuwa na mafuta ya gari, nimelifua, limetakata. Nilikugombeza bure." Akamrekebishia kufiya pembeni. "Nenda salama. Mimi sina hasira na wewe. Nenda, mwanangu."

Mpiga picha aligeuza uso. Vijana wanne waliokodiwa wakanyanyua jeneza, likapita mlangoni, na Itidal akatoka nyuma yake mpaka ngazini. Ngazi ni zile zile. Akafungua mdomo. Kigelegele cha kwanza kilipasuka katikati kikafa. Cha pili kikatoka, kikapanda, kikajaa uchochoro mzima, na mkono wake ukarusha mchele na pipi juu ya bendera. Alikuwa analia na anapiga vigelegele kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakuona kwamba anabanwa pumzi.

Ndipo kipaza sauti cha mnara wa msikiti kikakwaruza.

Mwadhini wetu, Haji Subhi, ni mzee aliyempenda Adham tangu alipokuwa mdogo anamwibia makubadhi msikitini. Alikuwa dirishani anangoja alasiri. Akaona jeneza lenye bendera linatoka mlango wa Mama Adham, akamsikia Mama Adham mwenyewe anapiga vigelegele. Yeye alichoambiwa ni filamu ya kule shuleni. Basi alifanya ambalo mwadhini yeyote wa kwetu angelifanya bila kumuuliza mtu.

"Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea," sauti yake ilitetemeka juu ya mapaa. "Enyi watu wa kambi. Adham, mwana wa Nimr, amerudi. Wamemrudisha. Adham amerudi nyumbani. Tokeni mumpokee."

Lamis alimtazama Itidal, akidhani ni yeye aliyepanga na mwadhini. Wapiga picha walimtazama Lamis, wakidhani ni yeye. Mtu mmoja tu kati yao alijua kwamba hakuna aliyepanga, naye ni Itidal. Angeweza kuinua mkono. Angeweza kusema neno moja, na vijana wangeliweka jeneza chini, na Hiyam angekimbia msikitini, na yote yangeishia kwenye kicheko na lawama.

Lakini lile jina, kutoka kwenye kile kipaza sauti, alikuwa amelingoja miaka miwili. Kila kilipokwaruza alisimama na ufagio mkononi akisikiliza, na kila mara jina lilikuwa la mwana wa mwingine. Itidal hakuinua mkono. Aliendelea kutembea, akapiga kigelegele cha tatu. Tusimhukumu haraka, lakini pia tusijifanye kwamba hakujua.

Kambi ikafumuka. Milango ya maduka ikashushwa kwa kishindo, mmoja baada ya mwingine, kama tufanyavyo shahidi anapopita. Kinyozi alitoka na mteja wake mwenye povu shavu moja. Wanaume wakawasukuma wale vijana wa kukodi, wakaingiza mabega yao wenyewe, na jeneza likawa linapita juu ya mikono ya watu. Kais, huko juu, macho kafumba kama alivyoagizwa, alidhani tu kwamba mambo yanakwenda vizuri sana na akajitahidi asipumue kwa nguvu. Wanawake wakatoka na mabirika ya kahawa isiyo na sukari na sahani za tende, maana kahawa ile ilikuwa kama imeshachemshwa miaka miwili, inangoja mlango ufunguliwe tu.

"Jamani ni sinema!" Hiyam alipiga kelele. "Ni sinema! Si kweli! Jamani!"

Mwanamke mmoja akamkumbatia kwa huruma, akidhani majonzi yamempanda kichwani.

Lamis naye angeweza kusimamisha. Alikuwa ameshaelewa kufikia hapo, kwa sababu alikuwa ameacha kutoa maagizo na uso ulikuwa umemwiva. Hakusimamisha. Alimwashiria mpiga picha apande juu ya tangi la maji kwenye paa la duka, na mpiga picha akapanda.

Yaliyotokea mjini Itidal aliyajua baadaye kwa kusimuliwa. Nimr alikuwa amesimama na picha yake wakati simu za wenzake zilipoanza kulia, moja, mbili, halafu zote. Hawakumpa pole. Walimpa hongera. Wazazi wale walimshika mikono, "Hongera, Nimr, hongera, wako amerudi," na nyuso zao zilikuwa na furaha na wivu, jambo baya kuliona kwenye uso wa mzazi. Mama mmoja wa Jenin alimbusu bega akamwomba: "Waulize waliomleta kama wamewaleta na wengine. Wangu ana kovu hapa kidevuni." Nimr alimpigia mkewe, na simu ikawaka kimyakimya ndani ya kapu la mkate. Dereva wa teksi alimpakia bila kuulizana nauli.

Jeneza lilikuwa limefika mlango wa msikiti aliposhuka garini. Watu walimwona wakampisha, wakafungua njia mpaka katikati, na walioshika jeneza wakalishusha chini taratibu. Itidal alimwona mumewe mgongo tu. Alitaka kumwita, na sauti iliyokuwa imetoka njia nzima ikakataa. Nimr alikuwa bado ameshika picha. Aliiweka chini, akapiga magoti.

Hakulia. Alijifuta mkono kwenye suruali kwanza, kwa mazoea ya rangi ya magari, halafu akaunyoosha polepole. Waliorudishiwa watoto wao walikuwa wamekwisha kumwambia itakavyokuwa. Mwili ukitoka kwenye jokofu ni jiwe. Uso hubadilika, usitegemee kumjua. Mkono hunata kwenye ngozi, na inabidi mngoje barafu iyeyuke ndipo muweze kumwosha. Nimr alikuwa amejitayarisha kwa barafu ile muda mrefu. Akaweka kiganja kwenye kipaji cha uso.

Kilikuwa na joto. Jua lilikuwa kali, na kijana alikuwa amefunikwa sanda na bendera na kufiya. Alikuwa anatoka jasho.

"Ana joto," Nimr akasema.

Hakuna aliyemwelewa. Akagusa shavu, akagusa shingo.

"Ana joto! Watu, ana joto! Anatoka jasho, tazameni! Itidal! Itidal uko wapi, njoo, yuko hai! Walitudanganya, mwanao yuko hai!"

Kais akafumbua macho.

Watu wote wale, na ulisikia kijiko kinagonga sahani. Kais alimtazama mzee aliyemshika shingo, na rangi ya midomo yake ilikuwa imeanza kuchuruzika kwa jasho.

"Nisamehe, ami," alisema. "Nisamehe. Mimi ni mwigizaji. Sikujua, wallahi sikujua."

Nimr hakuondoa mkono. Aliutazama uso ule, pua ile, kama mtu anayesoma ubao wa duka uliofutika.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Jamil wa Tulkarem, ami."

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Mpigie simu," Nimr akasema. "Mwambie u mzima." Ndipo akaondoa mkono, akainuka, na akamwona mkewe amesimama na mfuko wa pipi.

Ingekuwa heri angemfokea. Kambi nzima ingeelewa, na wengine wangemsaidia. Alimuuliza taratibu, kama anauliza habari za nyumbani: "Umemzika mwanangu nikiwa sipo?"

"Nilitaka kumuaga tu," Itidal akasema. "Wewe una uwanja, Nimr. Una picha yako, kila Jumanne unaenda unasimama, unamwita. Mimi nina nini? Mimi nina ule mlango. Nilitaka nimwone anatoka."

"Na umemwona?"

Itidal akatikisa kichwa. Alianza kulia kilio kingine, kile cha jikoni, mbele za watu, na hakuna aliyemshika makwapa kumwinua.

Haji Subhi alishuka mnarani akija huku anajipiga kifua, lawama ni yangu, lawama ni yangu. Mtu mmoja, kwa mazoea tu, akamwekea Nimr kikombe cha kahawa mkononi. Nimr alikishika. Tuliokuwa karibu tuliona jinsi alivyokitazama, na naapa kwamba nusura akinywe, maana alikuwa amechoka. Halafu akakirudisha.

"Chukueni kahawa zenu," alisema. "Siku yake haijafika. Mungu awalipe."

Watu wakaanza kuondoka. Mabirika yaliyojaa yakawa yanapanda uchochoro kurudi yalikotoka, na maduka yakafunguliwa nusu nusu, kwa aibu. Nimr alikaa kwenye ngazi ya msikiti. Itidal akakaa mbali kidogo naye, ngazi ile ile.

Lamis alikuja na kamera yenyewe mkononi, macho mekundu.

"Ami, kamera ilikuwa inafanya kazi," alisema. "Niliiacha kwa makusudi, siwezi kukudanganya. Nitaifuta yote, mbele yako, sasa hivi."

Nimr hakuinua kichwa.

"Kabla hujafuta," Itidal akasema, "nionyeshe uso wake. Mimi nilikuwa nyuma yake. Sikumwona."

Lamis akachuchumaa, akamgeuzia kioo kile kidogo, akakikinga jua kwa koti lake. Itidal akaona umati, akaona jeneza linashushwa, akaona mumewe anapiga magoti na kujifuta mkono. Akaona mkono unafika. Halafu akauona uso wa mumewe, na akajiziba mdomo kwa kiganja. Uso ule alikuwa ameusahau. Ndio alioolewa nao, na aliuona siku Adham alipozaliwa, Nimr akitoka mbio hospitali bila viatu kuwaambia watu. Miaka miwili aliishi na mwanamume mwenye mfupa wa uso tu, na sasa huyu hapa, mzima, amerudi kwa pumzi tatu au nne.

"Rudia," akasema.

Lamis akarudia. Nimr akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kile kidude, ana joto, ana joto, akasogea ngazini bila kutaka, akainama nyuma ya bega la mkewe.

"Simamisha," akasema. "Hapana, rudi nyuma kidogo. Hapo."

Kwenye kioo mkono wake ulikuwa kwenye kipaji cha uso wa kijana, mdomo wake umefunguka, umati umeganda, na kijana bado amefumba macho ndani ya kufiya. Pua haikuonekana vizuri kwa sababu ya kivuli. Waliitazama muda mrefu, mume na mke, vichwa vyao vimekaribiana.

"Niifute, ami?" Lamis akauliza.

"Hiyo filamu yako inaweza kuishia hapa?"

"Hapa? Kabla hajafumbua macho?"

"Kabla."

"Watu watadhani yuko hai," Lamis akasema.

"Waache wadhani," Nimr akasema. "Hata mimi nilidhani."